Gari Haliokotwi Yokohama

Yokohama, Japani

Shikamoo shangazi, shikamooni wajomba, na ninyi binamu ambao simu zenu huanza na habari za baridi na kuishia kwenye Toyota IST, hamjambo?

Nawajibu wote kwa barua moja maana ombi lenu ni moja: huko magari si yanatupwa, basi tutafutie moja kwa bei ya huko. Bei ya huku ni ya chini kweli, lakini sababu yake siyo mnayoidhani. Mjapani hauzi rahisi kwa huruma, na mara nyingi wala gari lenyewe halijachoka. Anakimbia gharama za kuwa nalo. Gari jipya la familia hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo, shaken kama wanavyouita, huambatana na kodi ya uzito na bima ya lazima. Gari la petroli likishapita miaka 13, kodi nazo zinapanda. Kwa hiyo mzee mwenye gari la miaka 12, linalowaka kwa kuguswa tu, akipiga hesabu anaona heri alipeleke mnadani kuliko kulilipia tena. Limestaafishwa kwa mujibu wa sheria, injini ikiwa bado kijana. Bei ya mnada basi inapima karaha anayoikimbia muuzaji, haipimi raha atakayoipata shangazi Mbagala.

Ndiyo maana nasema bei ya haki ihesabiwe kinyumenyume, kuanzia Dar. Tuseme IST ya mwaka 2010, namba E, imeuzwa huko kwa milioni 16. Toa milioni moja ya bandari, usajili, matairi na shokapu. Kisha njoo kwa TRA, ambao hawababaishwi na risiti yako kwa sababu wana thamani zao kwenye mfumo. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Juu yake inakuja asilimia 5 ya ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini na 30 ya uchakavu kwa gari lililopita miaka 10. Halafu VAT asilimia 18 inapanda juu ya mzigo wote. Zidisha mwenyewe: kodi inakaribia kulingana na thamani ya gari pamoja na usafiri wake, na tozo ndogo ndogo sijazigusa. TRA wakilithamini milioni 7, wanaondoka na nyingine 7 hivi. Katika 15 zako zimebaki 8, na ndani ya hizo kuna meli na bima. Kinachosalia ndicho kikomo cha kulipa huku. Gari likizidi hapo, kanunue hilohilo lililokwisha fika Kinondoni. Angalau utaliwasha kabla ya kutoa hela.

Najua binamu atapinga: bei za Dar zinapangwa na madalali, tutazitegemeaje? Hoja nzuri, ila inagusa bei inayotajwa. Bei inayotajwa ni dua ya muuzaji. Ushahidi ni hela iliyotoka mfukoni mwa mnunuzi, baada ya kuondoa cha juu cha dalali. Ulizeni waliokwisha nunua, msiulize wanaouza.

Mjomba naye atasema gari lililotoka Japani moja kwa moja halijapita mikononi mwa fundi wa chini ya mwembe, hivyo linastahili kuongezwa bei. Nakubali, mradi nyongeza hiyo ifuate karatasi ya mnada, isifuate mng'ao wa picha. Karatasi ile haina adabu: inaandika kila mkwaruzo na kila mbonyeo, na gari lililogongwa likatengenezwa hupewa R hata likimeremeta vipi. Someni pia lilikoishi. Hokkaido barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hula gari kwa chini, mahali ambapo mpiga picha hainami. Lenye kilomita 90,000 na tumbo safi nitalilipia zaidi ya lenye 50,000 na kutu, ingawa naona huko kilomita chache zimegeuka kuwa dini.

Kuna na gia boksi. IST nyingi za kuanzia 2007 zinatumia CVT, na CVT ina mafuta yake. Fundi akiimiminia haidroliki ya kawaida kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani, hesabu yote niliyoipiga hapo juu inaharibika kwa asubuhi moja. Gharama ya mafuta hayo sahihi nayo iingie kwenye bei.

Basi anayetaka nimtafutie, anitumie kwanza bei tatu za IST zilizokwisha kuuzwa mwezi huu, pamoja na namba ya simu ya fundi wake. Picha za rangi anayoipenda zisubiri.

Ndugu yenu wa Yokohama.