Mada Tisa za Bizna, Zikipangwa na Mpaka wa Busia

Kwa wasioijua, Bizna ni somo la KCSE lenye namba 565. Mageuzi ya mtaala ya 2002 yalichukua biashara, uhasibu na uchumi yakavishona kuwa kitu kimoja, kisha somo likatupwa kundi moja na Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu na Muziki. Sijui nani aliamua kwamba leja na zumari ni ndugu. Karatasi ya kwanza ina maswali mafupi 25. Ya pili ina marefu sita, unajibu matano, la sita unaliangalia tu kwa huzuni.

Watahiniwa wa mwisho wa 8-4-4 watalifanya 2027. Kabla halijavuliwa sare, acha tuzipange mada zake. Jaji ni mpaka wenyewe wa Kenya na Uganda, Busia na Malaba. Kigezo ni kimoja: mada ambayo mtoto wa hapa anaijua kabla mwalimu hajafungua kitabu inapanda, ambayo kitabu kinaijua kuliko mpaka inashuka. Rufaa zinapokelewa. Kusikilizwa ni jambo lingine.

9. Ofisi

Kidato cha kwanza. Kitabu kinakutaka ujue ofisi ya wazi na ofisi ya vyumba, na faida nne za kila moja. Mbadilisha pesa wa Busia ana kiti cha plastiki, kikokotoo kilichofutika namba saba, na bunda la noti lililokazwa kwa mpira. Hiyo ndiyo ofisi ya wazi. Hata ukuta haina. Tatizo ni kwamba kuhusu ofisi nyingine zote, mtoto wa mpakani anajua dirisha tu, na mwenye dirisha kaenda chai.

Hukumu: kitabu kimeshinda. Kifurahi, maana hakitashinda tena hivi karibuni.

8. Bima

Kanuni yake kuu ni nia njema kabisa: sema kila kitu, usifiche. Hebu ipeleke kanuni hiyo kwenye njia ya panya saa tisa usiku.

Hukumu: twende mbele.

7. Ghala

Mtaala unataja ghala la umma, ghala la binafsi na lile la forodha, ambamo bidhaa hukaa hadi ushuru ulipwe. Malaba wana la nne, lenye magurudumu. Mei 2020, madereva walipokuwa wakisubiri majibu ya vipimo vya korona, foleni ya matrela ilinyooka makumi ya kilomita ndani ya Kenya. Chini ya kila trela palikuwa na jiko la mkaa, na kwenye kioo cha pembeni fulana imeanikwa.

Swali la mtihani: taja hasara mbili za kuhifadhi bidhaa zinazoharibika haraka. Mtoto aliyepita kando ya foleni ile akielekea dukani alijibu kwa pua.

Hukumu: sare.

6. Kitabu cha fedha

Cha shuleni kina safu tatu: taslimu, benki, punguzo. Cha mama wa omena kina tano: shilingi ya Kenya, shilingi ya Uganda, M-Pesa, MTN, na deni la shemeji. Safu ya mwisho haijawahi kufungwa, na haitafungwa mpaka shemeji aoe au ahame. Walimu wa Bizna wataruka hapa kwamba bila hesabu ya pande mbili, debiti huku na krediti kule, biashara haiendi. Sawa, mwalimu. Kitabu kina safu tatu na kinabalansi. Mama ana tano na amesomesha watoto.

Hukumu: mpaka, kwa tofauti ya shemeji mmoja.

5. Pesa

Sifa za pesa nzuri: ikubalike, idumu, ibebeke, igawike, iwe adimu. Mwanafunzi wa Nairobi anazikariri akiwa amefumba macho. Wa Busia anaziona kibandani, ambako shilingi mbili za serikali mbili hukaa ndani ya kopo moja bila kugombana. Moja ya Kenya hukupa ishirini na kitu za Uganda. Kwa hiyo kijana wa kidato cha kwanza akivuka kula roleksi, ile chapati iliyokunjiwa mayai, analipa maelfu na kwa dakika tano anajisikia bwanyenye. Akirudi upande huu anakumbuka ni nani.

Hapo amemaliza mada ya viwango vya kubadilisha fedha, ambayo mwenzake ataisubiri hadi kidato cha nne. Na kuhusu kugawika, anajua kitu ambacho kitabu hakijui: chenji huja nusu ya Kenya, nusu ya Uganda, na peremende moja ya kusawazisha.

Hukumu: mpaka, bila mjadala. (Najua utaleta mjadala.)

4. Serikali na biashara

Machi 5, 2021, Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Machi 10 marufuku ikaondolewa, ikaachwa na masharti: waagizaji wajisajili, mzigo uwe na cheti. Siku tano. Kuna wanafunzi waliochukua muda mrefu zaidi kuikariri sehemu ya kumlinda mlaji.

Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ina tabia hizo. Ilizaliwa 1967, ikafa 1977, mkataba wa kuifufua ukatiwa sahihi 1999, umoja wa forodha ukaanza 2005 na soko la pamoja 2010. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi 2018, ili mzigo ukaguliwe mara moja badala ya mbili. Hata mfanyabiashara mdogo amefikiriwa: bidhaa zilizo kwenye orodha, zisizozidi dola 2,000 za Marekani, zina utaratibu wake mwepesi wa karatasi. Mwepesi kwa aliyeambiwa kwamba upo. Asiyeambiwa anafuata baiskeli iliyo mbele yake.

Hukumu: mpaka. Kitabu kinasema serikali hudhibiti biashara. Hakisemi ni hadi saa ngapi.

3. Ujasiriamali

Mjasiriamali, kinasema kitabu, huona pengo sokoni akaliziba. Hapa pengo lilikuwa la kupimwa kwa hatua: kituo cha forodha cha Kenya, kituo cha Uganda, na katikati ardhi isiyo ya mtu ambayo gari lako halikuvuka bila karatasi. Kwenye miaka ya sitini na sabini vijana walifunga mto kwenye keria ya baiskeli wakaanza kuwavusha wasafiri na mizigo yao. Bodaboda ilianzia hapo. Leo Nairobi kuna watu wenye kompyuta na mashati yasiyopigwa pasi wanaoiita uvumbuzi wa usafiri.

Watu wenye ulemavu nao wakaiona nafasi yao, wakageuza baiskeli za magurudumu matatu kuwa vyombo vya kuvusha mizigo. Tafuta kisa hicho kwenye sura ya usafiri. Utakuta meli, ndege, bomba la mafuta, na mkokoteni wa punda uliochorwa vibaya.

Hukumu: mpaka. Ila Busia na Malaba kila mmoja anadai yeye ndiye mzazi wa bodaboda, na mimi nina ndugu kote kuwili. Gombaneni wenyewe.

2. Mahitaji na ugavi

Ulidhani hii ni namba moja. Tulia.

Julai 1975 baridi kali iliua mibuni ya Brazil na bei ya kahawa duniani ikapaa. Mkulima wa Uganda chini ya Idi Amin alilipwa kiduchu, kwa shilingi isiyonunua kitu. Matokeo hayakuhitaji mchoro: kahawa ilitafuta njia yenyewe ikaingia Kenya, na jirani zetu wa Bungoma wakapata Chepkube, soko la magendo ambalo wazee bado hulitaja huku wakitabasamu upande mmoja wa mdomo.

Au Januari 2022. Madereva waligoma Busia na Malaba kwa sababu ya vipimo vya lazima vya korona, malori ya mafuta yakasimama, na bei ya petroli Uganda ikapaa. Mwalimu alichora mstari wa ugavi ukisogea kushoto. Darasa la Malaba lilichungulia dirishani likauona umeegeshwa.

Kitabu kina kinga moja tu: mambo mengine yakibaki vilevile. Mpakani mambo mengine hayajawahi kubaki vilevile.

Hukumu: mpaka, kwa kishindo.

1. Biashara ya ndani

Naam, ya ndani. Wenye kelele za biashara ya kimataifa wakae kwanza.

Kitabu kinasema biashara ya ndani ni ile inayofanyika ndani ya mipaka ya nchi. Basi pima. Mzigo uliotoka Mombasa, zaidi ya kilomita 900, ni wa ndani. Nyanya za Sofia, mtaa ulio ng'ambo ambao unaufikia kabla chai haijapoa, ni za kimataifa, zenye haki ya kuingia kwenye urari wa malipo wa taifa, hata kama anayeziuza ni senje wako, yaani shangazi. Wasamia wako pande zote mbili. Wateso vilevile. Na kabla ya 1902, Waingereza walipoikata Mashariki ya Uganda wakaiunganisha na nchi iliyokuja kuitwa Kenya, Uganda ilifika hadi Naivasha. Kwa kitabu hichohicho, babu wa babu yako alikuwa akifanya biashara ya ndani, na soko alilokwenda halijasogea hata hatua.

Hukumu: mpaka umeshinda, ila alama anagawa msahihishaji. Kwa hiyo, mtahiniwa, jibu la mtihani ni "kimataifa". Jibu la nyumbani ni "ndiyo mama, na chenji hii hapa".