Tume, Tupangieni Wiki ya Kutubu

Kwa Mwenyekiti na Makamishna,
Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka,
Nairobi.

Waheshimiwa,

KUH: URATIBU WA TOBA ZA WAGOMBEA KABLA YA AGOSTI 10, 2027

Naandika kwa furaha tele, maana waheshimiwa wetu wameanza kurudi. Yule wa klipu ya kumpiga mtu kibao ameonekana matangani, ameshika koleo. Yule aliyewakana watoto wake mbele ya hakimu sasa analipia karo watoto wa wenzake, picha zikipigwa. Yule aliyekula basari ya wadi ameokoka. (Wa basari huokoka kila uchaguzi ukinukia, hakosi.)

Shida yetu si kurudi kwao. Shida ni vurugu. Ibada moja unaweza kuwakuta watatu, kila mmoja na bahasha yake, wanagombania kipaza sauti, na mchungaji hajui aanze kumsamehe yupi. Sisi huku viti vya nyuma tunaulizana: huyu naye analilia lipi?

Kwa hivyo tunaomba mtangaze katika Gazeti Rasmi la Serikali, sambamba na tarehe za uteuzi na za kampeni, Wiki ya Kutubu. Kila mgombea apewe siku na saa yake. Afike na mke mmoja aliyevaa kitenge, atakayesimama kushoto kwake akitazama chini. Anayetaka kuja na wawili aombe kibali mapema. "Niliteleza" iruhusiwe mara tatu, "maadui wangu wa kisiasa" mara moja. Shetani atajwe, ila asihukumiwe bila kusikilizwa. Chozi likidondoka, karani alithibitishe kwa mtambo wa KIEMS, na mtambo ukigoma kulitambua, kama unavyogoma kutambua vidole vya mama zetu vilivyochakaa kwa jembe, litumike daftari la karatasi. Matokeo yajazwe katika Fomu 34T, mawakala watie saini, nakala ibandikwe mlangoni mwa kanisa na nyingine iwekwe kwenye tovuti ya Tume, ili kila Mkenya ajijumlishie machozi akiwa nyumbani. Ujumlishaji wa kitaifa uwe Bomas. Makamishna wakitofautiana kuhusu jumla, kama ilivyokuwa 2022, wanne waende wakahutubie hotelini.

Bahasha zitolewe risiti. Na pikipiki za msafara zipunguze honi, kuna wagonjwa.

Msituone wakorofi, sheria tunaijua. Ibara ya 75 ya Katiba inasema aliyeondolewa ofisini kwa kukiuka masharti ya uadilifu asishike tena wadhifa wa dola. Ibara za 99 na 193 nazo zinasema aliyehukumiwa hazuiwi kugombea hadi rufaa zote ziishe, na ninyi mnajua rufaa za mwenye pesa huisha lini. Sonko aliondolewa na Seneti katika ugavana wa Nairobi Desemba 2020. Mwaka wa 2022 akaibukia Mombasa akiutaka ugavana wa huko, kana kwamba uadilifu ni kikohozi kinachopona mtu akibadilisha hewa. Mlango haukufungwa hadi Mahakama ya Juu ilipotamka Julai, kura zikiwa zimebaki wiki chache. Huyo angalau alikuwa gavana, nchi nzima ilikuwa inatazama. Mwakilishi wadi nani atamfuata hadi Mahakama ya Juu?

Mimi Sura ya Sita ya Katiba, hiyo ya uadilifu, ilinikuta kwingine. Niliomba kazi ya utarishi katika ofisi moja, nikaambiwa nilete vyeti vya Sura ya Sita: DCI, KRA, HELB, EACC, CRB. Kazi yenyewe ni kubeba faili kutoka chumba hiki hadi kile. Nikalipa Sh1,050 za cheti cha tabia njema, nikapanga foleni, afisa akakishika kidole kimoja kimoja akakibingirisha kwenye wino, vyote kumi. Ule wino hautoki kwa maji. Ukuta wa nje umejaa alama za mikono ya vijana waliojaribu kuupangusa. Sijamwibia mtu. Sijampiga mtu kibao. HELB ndiyo iliyonishika: sipati cheti hadi nianze kulipa mkopo wa masomo, silipi hadi nipate kazi, na kazi haipatikani bila cheti. Lakini aliyekula basari ya wadi nzima, watoto wakafukuzwa shule, yeye uadilifu wake hujiandikia mwenyewe katika fomu ya kujieleza: swali, hapana, swali, hapana, sahihi. Nanyi mnamvutia kiti. Hiyo ni dharau. Msiniambie ni taratibu, ni dharau, na muhuri wake mnaugonga ninyi.

Niwieni radhi. Nilikusudia kuandika kwa adabu.

Ikiwa Wiki ya Kutubu itakuwa na gharama, basi tubadilishaneni fomu. Wao wapeni foleni yetu, pamoja na wino. Sisi tupeni ile fomu yao, tujiulize na tujijibu. Mimi yangu nimeshaianza. Penye swali kama nimewahi kufutwa kazi kwa utovu wa maadili, nimeandika hapana, kwa kuwa sijawahi kuajiriwa.

Wenu mtiifu,
Mwenye Vyeti Vyote Isipokuwa Kimoja