Balozi Kapiga Mtu

Chalii aliyeniuzia kuku pale soko la Tengeru aliapa kwa Mungu na kwa mama yake mzazi kwamba wote wanne ni tembe. "Mkubwa, wewe andaa trei tu." Nikawafunga miguu, nikawatia kapuni, nikapanda nao daladala. Kabla hatujafika Kwa Mrefu walikuwa wameshanichafulia suruali, na konda akanitoza nauli ya kapu.

Baada ya wiki kadhaa mmoja akaanza kunitia shaka. Shingo ndefu ya kikuchi, upanga mwekundu kuliko wa wenzake, na hainami kula mpaka aangaze kwanza kushoto na kulia. Mke wangu akasema huyo ni pora. Nikambishia mpaka asubuhi moja ya Julai, ile baridi ya Sekei ya kulala na soksi, ukungu umeufunika Mlima Meru hata huwezi kujua kama upo. Nikasikia bandani sauti kama ya mtu anayepiga kiki pikipiki yenye plagi chafu. Tembe wangu alikuwa anawika. Wanaosema jogoo la shamba haliwiki mjini hawajawahi kulileta kwa daladala.

Tukampa jina la Balozi. Kila asubuhi alikagua ua mzima, akaingia jikoni bila hodi, na akikuta mtu anakula lazima ajue kinaliwa nini. Jina lilitufurahisha sana. Hatukukumbuka kwamba balozi wetu wa nyumba kumi, yule mwenye miguu miwili na daftari, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Alipofika kama miezi mitano damu ikachemka. Siku hiyo nilikuwa nabeba ndoo ya pumba. Akaja kwa ubavu ubavu, bawa moja limeshuka linaburuza vumbi, akadonoa kijiwe kama mtu asiye na habari na wewe. Nikadhani ananichezea ngoma. Kumbe wale mabinti wakimwona hivyo hujua la kufanya; mimi nilisimama nikitabasamu. Manyoya ya shingo yakafunguka kama mwavuli, akaruka, miguu yote miwili ikatua kwenye goti langu.

Nilikimbia. Nina kilo themanini na tano na nilikuwa nimevaa gamubuti, lakini nilikimbia, na pumba nikaiacha.

Tangu siku hiyo akajua mwenye nyumba ni nani. Nikawa nakwenda kuanika nguo na beseni mbele kama ngao. Mwanangu akawa anatoka kwenda shule na fagio, analiacha getini. Mke wangu hakuguswa hata mara moja, na hilo halikunisaidia heshima.

Sasa, Jumamosi moja mzee balozi akaja kukusanya mchango wa ulinzi shirikishi. Mimi niko dirishani, simwoni mzee. Naona mkia tu unapotelea nyuma ya tangi la maji kuelekea getini. Nikapaza sauti: "Balozi! Wewe Balozi! Acha ushenzi wako, Jumapili nakuchinja!"

Kimya. Halafu nikasikia mtu anakohoa.

Nilipotoka, mzee alikuwa amesimama na daftari lake kifuani. "Shikamoo mzee," nikasema. Hakuitikia. "Umesema Jumapili, kijana?" Sijui ningejibu nini. Namshukuru Balozi wangu aliyetokea nyuma ya tangi na kuondoa utata wote kwa kumrukia mzee muundi.

Nikajiandaa kumwonyesha mzee njia ya kukimbilia. Yeye akapiga hatua moja mbele, akamzoa jogoo kama anavyookota kofia, akamtia kwapani, akamfunika kichwa kwa koti. Kisha akafungua daftari kwa mkono mwingine, akaniuliza nina deni la miezi mingapi. Mzee kakulia kwa Wameru, juu huko Nkoaranga, katikati ya migomba na kuku. "Ukimkimbia, umempa cheo," akasema. "Ukimpiga teke, anajua na wewe ni jogoo mwenzake, atarudi kesho na keshokutwa. Mbebe. Tembea naye mbele ya wake zake."

Basi mji huu ulioona Warundi wakitia saini makubaliano ya amani mwaka 2000, Mandela akiwa msuluhishi, ukaniona mimi kila jioni nikizunguka ua na jogoo kwapani. Wiki ya kwanza alinung'unika. Wiki ya pili akawa anasinzia. Majirani walipita polepole kuliko kawaida.

Mzee aliniambia pia kwamba mitetea watatu ni wachache kwa pora mwenye nguvu hizo. Jogoo mmoja anatosha hata kwa kumi. Ni kweli, migongo yao ilikuwa imenyonyoka, mmoja amebaki kama mto wa zamani. Nikaongeza watano kutoka soko la Kilombero, safari hii mke wangu akikagua mmoja mmoja, na mimi nikishika kapu bila kutoa maoni.

Alfajiri bado ni shida. Wataalamu wa Nagoya, Japani, waliwachunguza majogoo waliofugwa pamoja wakakuta kwamba mwenye cheo ndiye anayeanza kuwika, wengine wanafuata kwa ngazi zao. Nimewasikiliza wa mtaani kwetu. Zamani jogoo wa jirani alianza, wa kwangu akafuata. Siku hizi Balozi anaanza, jirani anafuata, na mimi napiga miayo wa tatu.

Jumapili iliyopita mzee alipita tena. Hakuingia. Alisimama nje ya geti, akagonga bati mara mbili kwa fimbo.

"Hodi! Mwenzangu yupo?"

"Yupo, mzee, karibu. Nimemshika."