Nyuki wa Tanga na Kifungu cha 961

Bayreuth, Jumatano usiku

Baba, Mama, Mjomba na nyote wa Barabara ya 12,

Mimi mzima, na baridi ya huku ni nzima kuliko mimi. Habari za masomo nilitaka nizinyamazie mpaka nirudi, ila ya jana imenishinda. Baba, ile nauli uliyokopa kwa wenzio wa Ngamiani ili mwanao aje Ujerumani kusoma muhula mmoja wa sheria, jana imefanya kazi saa mbili nzima, na kazi yenyewe ilikuwa kumtafuta mwenye nyuki.

Msicheke. Wajerumani wana kitabu kimoja cha sheria za madai, wanakiita BGB, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 1900. Vifungu vyake vimehesabiwa hadi cha 2,385, na vinne kati ya hivyo, kuanzia cha 961, ni vya nyuki waliohama mzinga. Kundi likiruka halina tena mwenyewe, isipokuwa mwenyewe alifuate mara moja. Akiwa mbioni anaruhusiwa kuingia shamba la mtu bila hodi. Nyuki wakitua kwenye mzinga mtupu wa jirani, mwenye nyuki ana haki ya kuufungua na kuvunja masega awatoe, kisha alipe alichoharibu. Wakiingia mzinga wenye nyuki wengine, pole yake, wameshakuwa wa jirani. Na makundi ya watu wawili yakikutana angani yakawa moja, wale waliokuwa wakiyakimbilia wanakuwa wabia, kila mmoja hisa yake kwa idadi ya makundi aliyoyafukuza. Yaani kuna mtu alikaa mezani, koti limefungwa vifungo vyote, akawawaza wazee wawili wanakimbia shambani wametazama juu huku wanapiga hesabu za hisa.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza: je, mwenye nyuki akiwa na pumu kama mjomba wangu, akakaa chini ya mwembe avute pumzi, nyuki wamemtoka? Profesa alifurahi kama aliyeletewa halua. Akafungua kifungu cha 121, kinachosema kwamba "mara moja" maana yake ni bila kuchelewa kwa kosa lako mwenyewe. Mjomba, pumu yako imejadiliwa nusu saa na watu ishirini wenye miwani. Wengi wamekuona huna hatia. Binti mmoja wa mbele alishikilia kwamba ungepaswa kumtuma mtu mwingine akimbie.

Hapo nikavimba kichwa. Nikawaambia, jamani, kwetu nyuki wamepigana vita. Nikawapa Novemba 1914: Waingereza na askari wao wa Kihindi wanashuka melini waiteke Tanga kutoka kwa Wajerumani wa kamanda von Lettow-Vorbeck, risasi zinaipata mizinga iliyoko mitini, nyuki wanatoka na kuchoma huku na huku bila kuuliza nani ni wa bendera gani. Waingereza wakarudi melini, na wako walioamini kuwa Wajerumani waliwatega kwa makusudi. Basi, nikauliza, kwa kifungu cha 961 nyuki wale walikuwa wa nani? Kijana mmoja akasema ni wa mwenye mizinga, mradi alikuwa akikimbia. Nikamjibu kwamba alikuwa akikimbia sana, ila si kuwafuata nyuki.

Wakacheka. Ndipo nikaongeza neno ambalo sikulipanga: kwamba kitabu hiki kilikuwa na miaka kumi na minne siku ile, na Wajerumani walikuwa nacho Tanga, lakini kilikuwa chao wao kwa wao. Mwenye mzinga, babu wa mtu wa kwetu, sheria yake ilikuwa viboko hamsa ishirini. Chumba kikatulia.

Halafu wakaanza kugonga meza kwa vifundo vya vidole, ko ko ko, chumba kizima. Nami, mtoto niliyelelewa, nikaitika kwa sauti: "Karibuni!"

Kumbe huku chuoni ndivyo wanavyopongeza. Hawapigi makofi, wanagonga. Nimeona haya mpaka nikasahau daftari. Lakini niwaambie kweli: mwezi wa nne huu, mlango wangu haujagongwa na mtu. Jirani wa chumba cha pili akitaka chumvi hutuma kwanza ujumbe wa simu. Jana usiku nililala nimeuelekea mlango.

Mengine ni madogo. Baba, utaona picha ya matokeo ya jaribio: tisa kati ya kumi na nane. Usimfuate Mama jikoni, tafadhali. Sheria huku husahihishwa hivyo. Ukipata nne umefaulu, ukipata tisa wenzako wanakupa mkono, na hiyo kumi na nane wanaisimulia kama sisi tunavyosimulia nguva. Kwa majirani sema tu nimefaulu.

Sasa la haraka. Profesa amenitaka nieleze desturi za kwetu, na mimi ni mtoto wa mjini, asali naijua ikiwa chupani. Mjomba, wewe mwenye mizinga Handeni: kundi likiondoka hulifuata, au unatundika mzinga mtupu na kusubiri? Likiingia kwa jirani mnasemaje? Nitumie sauti, usiandike, mwandiko wako naujua. Kipindi ni Jumanne ijayo saa nne, ila huanza saa nne na robo. Robo hiyo ni halali kabisa, ina hadi jina la Kilatini. Mimi siku ya kwanza nilifika saa nne kamili, kwa mara ya kwanza maishani, nikakuta viti vitupu. Kwa hiyo Mjomba, hata ukichelewa kidogo, mpaka na robo nitakuwa nimeshika simu.