Jinsi ya Kuipenda Sunburst Ukiwa Kyela

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi popote kati ya Kasumulu na Matema, mwenye masikio mazima na kifaa chochote cha kutolea sauti, ambaye hajawahi kuisikia bendi ya Sunburst, au aliisikia utotoni ikampotea. Anayetaka kumpenda Mbaraka Mwinshehe hahitaji maelekezo. Redio inamfundisha bure kwenye vipindi vya zilipendwa, mwaka nenda mwaka rudi. Sunburst haina mwalimu wa namna hiyo. Lazima uiendee mwenyewe, na kuiendea bendi iliyosahaulika kuna taratibu zake.

Anza na majina. Ni marufuku kusema "wale vijana wa zamani" halafu ukajiita mpenzi wao. Sunburst iliundwa Dar es Salaam mwaka 1970. Gitaa lilikuwa la Hembi Flory Kongo, aliyetoka Zaire, na sauti ya mbele ilikuwa ya James Mpungo. Pamoja nao walikuwamo Bashir Idi Farhan, Kassim Magati na Johnny Rocks. Yakariri majina haya kama unavyokariri kikosi cha Simba au Yanga siku ya fainali, kwa sababu siku utakapoulizwa "ni akina nani hao?" ukaanza kugugumiza, bendi itakuwa imesahaulika mara ya pili, safari hii mikononi mwako. Mtindo wao waliuita Kitoto. Humo ndani mna rumba ya Kongo, nyimbo na mapigo ya kwetu, soul, rege na gitaa la roki lisilotaka kunyamaza. Mwaka 1973 walishinda shindano la muziki la taifa. Baadaye wakahamia Zambia, na mwaka 1976 ikatoka albamu yao, Ave Africa. Hawakutoa nyingine.

Albamu moja na nyimbo chache nyingine. Mpenzi mvivu atafurahi kusikia hivyo, akidhani ataimaliza kazi jioni moja. Ajue kwamba kilicho kichache hurudiwa mara nyingi.

Ukishayajua majina, jiandae kwa swali la pili, ambalo kwa kawaida huulizwa na mtu aliyeshiba wali: huo si muziki wa Kizungu? Usikasirike. Mvutie kiti akae, maana jibu lina sehemu nyingi.

Mwambie kwamba Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, alisikitika kwamba watu wengi walijua kucheza rumba na twist huku ngoma za kwao hawazijui. Novemba 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ndipo Sunburst wakaundwa. Fikiria hali yao: vijana wanaopenda gitaa la umeme kwa moyo wote, katika jiji ambalo serikali imekwisha kusema soul isipigwe. Wangeweza kuiga wimbo wa Marekani neno kwa neno wakafungiwa, au wakaliweka gitaa kabatini. Wao wakachukua njia ngumu zaidi, ya kulitia gitaa ndani ya muziki wa nyumbani hadi usiweze kutenganisha kilichokuja na kilichokuwapo. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa jibu bora kwa hotuba ya Mwalimu kuliko risala nyingi zilizosomwa majukwaani.

Kama muulizaji bado anatikisa kichwa, mpeleke ziwani. Ukishuka pwani ya mashariki hadi Mbamba Bay utakuta mganda, na ng'ambo Malawi ngoma hiyohiyo inaitwa pia malipenga. Mganda ulitokana na beni, ngoma iliyoziiga bendi za jeshi la kikoloni, ukashika kasi baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Askari walirudi wakiwa wamesikia tarumbeta na wameona gwaride. Vijijini hakukuwa na tarumbeta, basi watu wakachukua vibuyu, wakavitoboa, wakaweka utando juu yake, wakavipuliza vikalia. Wakajipanga mistari, wakavaa kaptula nyeupe, wakapiga ngoma kubwa, na wajukuu zao leo wanaita hiyo ngoma ya asili. Ni ya asili kweli. Watu wa ziwa hili wamekuwa wakimeza vyombo vya wageni na kuvifanya vyao tangu kabla James Mpungo hajazaliwa. Anayeukubali mganda na kuikataa Sunburst aeleze amekata wapi.

Sisi wa Kyela tuna ing'oma yetu, na hapa natoa agizo la kiufundi: kabla ya kusikiliza Ave Africa kwa mara ya kwanza, nenda kwanza kwenye ing'oma. Kaa karibu na wapiga ngoma, mahali ambapo mpigo unaingia kwa miguu kabla ya masikio. Kisha rudi nyumbani uweke "Simba Anguruma". Utajua mwenyewe ni kwa nini nimekutuma.

Tuje kwenye kuzipata rekodi. Santuri halisi iliyotolewa Zambia usiifikirie sana. Waliobahatika kuwa nayo hawaiuzi kwa bei ya gunia la mchele. Kuna sababu za uhaba huo. Nchini kwetu miaka hiyo hakukuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilirekodi Redio Tanzania, mikanda ikabaki maktaba ya redio, na kazi ya kutoa santuri ikawa ya Nairobi. Sunburst walikwenda kurekodi Zambia, kwa hiyo albamu yao ikazaliwa ugenini na nyumbani ikafika kwa kuchelewa, kama ilifika. Zaidi ya hapo, bendi zilizobaki midomoni mwa watu nyingi zilikuwa na mwenyewe: NUTA Jazz ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi, Polisi Jazz ya jeshi la polisi. Mwanamuziki akiondoka, jina na vyombo vinabaki, anaajiriwa mwingine. Sunburst walikuwa bendi ya mahoteli na klabu. Walipotawanyika, hakukuwa na ofisi ya kuwatunzia jina.

Habari njema ni kwamba mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ilizikusanya rekodi zao za 1973 hadi 1976 na kuzitoa upya. Zinapatikana sasa kwenye huduma za muziki za simu. Nunua. Nimeona watu wakilia kwamba wanamuziki wa zamani walidhulumiwa huku wao wenyewe hawajawahi kutoa hata shilingi kwa wimbo. Ukishanunua, waite majirani wasikilize kwako. Na ukifika kibanda cha kuingizia nyimbo kwenye memori kadi pale stendi, usimtake kijana akutafutie "za zamani". Mtajie jina la bendi, herufi kwa herufi. Atakuangalia kwa mashaka. Mwache aangalie, kisha muombe auweke "Moto Moto" kwenye spika lake kubwa, abiria wote wa Ipinda wausikie.

Kuhusu vifaa, neno moja tu kwa wenye sabufa: punguza besi. Sabufa za siku hizi zimetengenezwa zitikise madirisha, na ukiziachia zitamfunika Hembi kabisa. Gitaa lake lina maneno mengi katikati ya wimbo, pale ambapo mwimbaji ametulia, na ndiyo sababu ya mimi kuandika haya yote. Redio ndogo ya betri inamtendea haki zaidi. Wenye kanda za kaseti walizorekodi wenyewe redioni miaka ile wasizihifadhi ndani ya sanduku lililofungwa. Joto na unyevunyevu wa bonde letu huotesha ukungu juu ya utepe. Zitoe mara kwa mara, zizungushe kwa kalamu kutoka mwanzo hadi mwisho, uzirudishe. Mbali na kakao inayoanikwa, tafadhali.

Muda wa kusikiliza ni jambo zito, na Kyela ina masharti yake. Tunaishi katika moja ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini. Mwezi wa nne, mvua ikitua juu ya bati, hakuna bendi duniani itakayoshindana nayo, na Kiwira na Mbaka zikifurika utakuwa na kazi nyingine za kufanya. Subiri jua. Kiangazi, jioni, Matema panafaa sana, lakini kaa upande wa nyumba uliojikinga. Upepo wa mwera ukivuma, mawimbi yataula wimbo. Usisikilize ukiwa unapembua mchele. Kazi hiyo inataka macho na masikio yote mawili, na "Enzi za Utumwani" nao unayataka. Mmoja wao atadhulumiwa, na mimi sitaki awe Mpungo.

Usiisikilize bendi hii peke yako kwa muda mrefu. Hili ndilo sharti ninalolitilia mkazo kuliko mengine. Kuna wapenzi wa muziki wanaotunza rekodi adimu ndani kwa siri, wakifurahia kwamba hakuna mwingine anayezijua. Wapenzi hao huzika bendi wakidhani wanaitunza. Rekodi inaishi kwa kupigwa mbele ya mtu asiyeijua.

Mtu wa kwanza wa kumwalika ni mzee aliyewahi kukaa Zambia, na Kyela hatukosi wazee hao. Vizazi vya Wanyakyusa vilivuka Tunduma kwenda kuchimba shaba Kitwe na Mufulira, wakarudi na baiskeli, suti na lugha. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976, mwaka uleule wa Ave Africa. Kwa hiyo bendi ya Dar kurekodi Zambia halikuwa jambo la ajabu kwa watu wa huku. Ni njia waliyoijua kwa nauli yake. Mwamkie vizuri, "Shikamoo, tata," mpe kiti, mpe chai au chochote anachokunywa, usimwambie kitu. Weka "Mwamuna Wanga". Kinyanja chake kitamfikia kabla hujamaliza kurekebisha sauti. Akianza kusimulia ya Zambia, zima redio. Ndiyo, izime. Masimulizi ya mtu aliyekuwako hayapatikani kwenye albamu iliyotolewa upya, na wimbo utasubiri. Chukua simu, muombe ruhusa, mrekodi. Muulize walicheza wapi, nani alipiga, walivaa nini, kiingilio kilikuwa bei gani. Kila mzee anayeondoka bila kuulizwa anaondoka na bendi nzima nzima ambazo hata jina hatutalipata.

Mtu wa pili ni kijana. Hapa wapenzi wengi wa muziki wa zamani huharibu kwa ulimi wao wenyewe. Wanamkalisha kijana, wanamtukania bongo fleva yake kwa nusu saa, kisha wanashangaa hakuipenda Sunburst. Usimseme. Sunburst nao walikuwa vijana waliosemwa. Mwekee "Black Is Beautiful" aone kwamba watu wa umri wake walikuwa na mawazo, halafu mwachie simu achague mwenyewe. Anayepiga gitaa kwenye kwaya ya kanisani ndiye mwanafunzi bora kuliko wote. Mwambie aitafute ile kona ya gitaa katika "Banchikicha" kwa vidole vyake. Akiipata, atakuwa ameshika kitu ambacho kusikiliza peke yake hakumpi mtu. Na akiiingiza kwenye wimbo wa Jumapili, mchungaji asipojua imetoka wapi, mimi sitasema.

Huenda ukaulizwa faida yake ni nini, kuhangaikia kundi ambalo halitarudi. Makundi hurudi. Huko Zambia walikokwenda Sunburst kulikuwa na wenzao wa roki, na wakubwa wao walikuwa WITCH. Nao walisahaulika. Mwimbaji wao, Emanuel Chanda, anayejulikana kama Jagari, aliishia kuchimba vito. Rekodi zao zilipotolewa upya, wapenzi wakazieneza hadi akaitwa tena jukwaani, akazunguka Ulaya na Marekani, na mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, Zango, baada ya karibu miaka arobaini. Hakuna wizara iliyowatafuta. Walitafutwa na watu waliokuwa na santuri moja na ubishi mwingi.

Hapa nyumbani yupo Patrick Balisidya na Afro 70 yake, aliyeipeleka Tanzania kwenye tamasha la FESTAC kule Lagos mwaka 1977, na aliyerekodi na Wasweden. Yeye anakumbukwa kwa "Harusi". Nyimbo zake zilizobaki zinahitaji mtu. Ukishaizoea Sunburst, mfuate yeye, kwa utaratibu uleule wa majina kwanza.

Lakini usikimbilie huko kabla ya kumaliza kazi ya hapa. Tuna redio zetu Kyela, na zina vipindi vya salamu. Piga simu. Uliza kwa adabu kama wanao "Simba Anguruma" wa Sunburst. Watakuambia hawanao. Waambie utawaletea kesho, uende kweli, na uende na flashi ambayo uko tayari kuwaachia.