Jahazi Lapata Maono Topeni

Pwani ya Lamu, maji yametoka. Jahazi lililojaa mchanga wa ujenzi limelalia ubavu kwenye tope. Punda amesimama kando na matandiko yake matupu. Kaa yuko mlangoni pa shimo lake. Nanga imejilaza mchangani, amari imelegea.

PUNDA: Asalaam aleikum, babu.

JAHAZI: Waaleikumu salaam, mwanangu. Karibu kwenye utulivu.

PUNDA: Nimefuata mchanga. Fundi wa nyumba anangoja wiki nzima, na kila nikija naambiwa kesho.

JAHAZI: Mchanga upo. Jiulize kwanza, haraka hii ya nini?

PUNDA: Mimi sina haraka. Mwenye fimbo ndiye mwenye haraka.

NANGA: Mwache. Ameanza kufunguka. Nimemfundisha miaka mingi kwamba asiyetulia chini haioni nuru ya juu, leo ndiyo ananisikia.

KAA: Nanga hana somo jingine. Tangu atoke kwa mhunzi anafundisha hilo hilo.

JAHAZI: Nacheka nikikumbuka nilivyokuwa. Leo Manda, kesho Faza, keshokutwa Kizingitini. Mawe, boriti, mchanga. Sikuwa najijua. Sasa nimekwama, nimejiona.

PUNDA: Umejiona upande mmoja, babu. Ule mwingine uko topeni.

JAHAZI: Wewe unajua nini kuhusu mambo ya roho?

PUNDA: Nimekimbia mashindano ya punda ya Maulidi. Siku ile mji mzima ulimtaja Mungu, hasa aliyekuwa mgongoni kwangu.

JAHAZI: Basi nisikilize. Safina ya Nabii Nuhu ilikwama juu ya mlima Judi. Kama isingekwama, wewe punda usingekuwepo. Sisi vyombo tumepewa siri hiyo tangu gharika.

PUNDA: Safina ilikwama, abiria wakashuka. Wewe umekwama na mchanga wa watu.

JAHAZI: Na wazee wetu je? Walikuja na kaskazi, wakakaa hapa miezi kungoja kusi iwarudishe Uarabuni. Kungoja ilikuwa ibada.

KAA: Walingoja, ndiyo. Lakini kungoja kwao kulikuwa na jasho: wanashona tanga, wanapaka deheni, wanatafuta mzigo wa kurudi nao. Na wengine walioa. Sikumbuki aliyekaa tu akajiita fumbo.

JAHAZI: Enzi zile boriti zilikwenda hadi Ghuba. Tangu serikali ilipopiga marufuku mwaka 1982, ukoo wetu unatafuta maana ya maisha.

KAA: Hapo nakuonea huruma. Ila kukwama kwako huku hakutokani na 1982. Uliingia mwezi mpevu, bamvua limejaa, nahodha akakupandisha juu kabisa karibu na ukuta asitembee mbali. Sasa ni maji mafu, hayafiki kwenye mkuku wako. Mwezi ukiandama, siku moja mbili baadaye, bamvua litakuinua. Basi. Hakuna fumbo.

JAHAZI (kwa uchungu): Umeniharibia.

NANGA: Kaa, kwani anayeuendesha mwezi ni nani?

PUNDA: Huyo tunamjua na tunamshukuru. Na aliyempandisha babu hapa tunamjua pia. Ni shemeji yake bosi wangu.

JAHAZI: Msiseme hivyo. Jana walikuja wageni wa yoga, wakakaa mbele yangu, wakafumba macho. Mmoja alilia. Alisema hajawahi kuona kitu kilichokwama kwa heshima namna hii.

KAA: Na nahodha akapita na kofia.

JAHAZI: Alichukua kidogo tu, pesa ya picha.

KAA: Ndiyo maana mchanga haushushwi. Ukishushwa unakuwa mwepesi, ukiwa mwepesi unaelea, ukielea nani atapigwa picha? Wakwamaji siku hizi wana wenyewe. Na huyu Nanga anakusifu kwa sababu ukitweka tanga yeye anarudi kazini, kupandishwa na kuteremshwa kwenye maji ya baridi.

NANGA: Huyo kaa atembeaye upande ndiye wa kunifundisha njia?

KAA: Kutembea upande si kukwama. Kukwama nakujua. Gamba linapoanza kunibana sina budi kulivua, na nikilivua mwili wote ni laini, hata ndege mdogo aniweza. Najificha shimoni, sili, siendi popote. Mwenzenu huwa naomba dua kwelikweli. Lakini sijapata maono hata siku moja. Napata woga. Na kazi moja tu, gamba jipya likauke likiwa pana kuliko la zamani. Siku hizo sipokei wageni.

(Kimya. Maji yanasikika mbali, upande wa mkondo.)

JAHAZI: Nikuulize, Kaa. Ule woga husema nini?

KAA: Husema usitoke.

JAHAZI: Wangu nao husema hivyo. Jua hili limenikausha mbao. Usiku nasikia maungio yakiachana, moja baada ya jingine. Bamvua likija nitaelea, ndiyo. Lakini nitavuja, na mchanga huu utanipeleka chini mbele ya mji mzima. Maono yalinijia usiku wa kwanza niliposikia ubao ukilia.

PUNDA: Babu! Kumbe ni kalafati tu! Si ungesema? Fundi yupo, amezaliwa Matondoni kama wewe. Pamba ipo, mafuta yapo. Na ni sasa hivi, ukiwa mkavu. Ukishaelea atakufikiaje chini?

JAHAZI: Niliona aibu. Wageni walikuwa wananiita mwalimu.

NANGA: Angalieni, nahodha anakuja na kundi jingine. Wamebeba mikeka. Babu, tulia. Uso wa utulivu.

JAHAZI: Punda, jaza mchanga upesi, kisha upitie kwa fundi. Mwambie aje na pamba ya kutosha.

PUNDA: Nani atamlipa?

JAHAZI: Pesa ya picha iko kwa nahodha.

NANGA: Hiyo ni pesa ya mambo ya roho!

KAA: Basi fundi na aanze na roho. Inavujia pale chini, karibu na mkuku.