Heri Mifumo Isiyosomana

"Mzee, mfumo haukusomi," karani alimwambia mjomba wangu, macho yakiwa kwenye kompyuta.

"Unisome, kwani mimi gazeti?"

Tulikuwa kwenye benchi la ofisi moja mjini Same, tukifuatilia malipo yake. Mjomba alikuwa ameteremka kutoka Chome tangu giza, bodaboda kwanza, kisha gari, bahasha ya kaki ameikumbatia kama mtoto mchanga. Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza shule ya msingi, hati ya kuachishwa jeshi, kitambulisho cha Nida na kadi ya benki. Karatasi tano, na humo alikuwa watu wanne. Jeshini jina lake lina L, Nida lina R. Benki wamemkata jina la kati. Kanisani ana jina ambalo hata mkewe hajawahi kumwitia. Tarehe za kuzaliwa anazo mbili, zimeachana miaka mitatu. Mfalme wa Uingereza naye anazo mbili, ila ile ya pili huandaliwa gwaride.

Siku hizi kila kiongozi anayeshika kipaza sauti husema mifumo ya Serikali isomane. Mimi naomba nitetee upande wa pili, maana hauna wakili, na wilayani kwetu jambo kukosa wakili ni aibu.

Tuanze na tumbo. Mabasi ya Arusha na Dar es Salaam hupita Same yakichukua abiria wawili na maji ya chupa, yakaondoka. Kitu gani humlaza mtu hapa siku mbili? Jina lisilofanana. Mwenye jina lisilofanana hutoa kopi, akatambua kopi moja haikutosha, akarudi steshenari ileile. Hupiga picha za pasipoti. Humwendea wakili kula kiapo kwamba fulani na fulani ni mtu mmoja, akalipia muhuri. Jua likishamchoma hukaa kwa mama lishe akala makande, na akiambiwa bosi mwenye saini ameenda Moshi, hutafuta chumba cha kulala. Herufi moja iliyoteleza mwaka 1978 imelisha watu wote hao. Nitajieni mradi wa maendeleo uliodumu kiasi hicho.

Na sisi Wapare tumeumbiwa jambo hili. Watani wetu husema Mpare huuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Sikatai. Lakini kesi ya kuku ina mwisho, kuku hupatikana au huliwa. Kesi ya jina ni tamu zaidi kwa kuwa mlalamikaji ndiye mlalamikiwa, na ushahidi wote unatoka mfukoni mwake. Mjomba amekuwa akijishtaki kwa miaka sita sasa na hajashindwa bado.

Ukitaka kujua ufundi ulivyofanyika, rudi kwenye foleni ya kujiandikisha jeshini mwaka ule wa 1978. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevamia Kagera, vijana wanahitajika haraka, na karani mwenye kalamu anayasikia majina ya Kipare kwa mara ya kwanza. Mchome na Mchomvu ni koo mbili, lakini kwa sikio la mtu wa mbali ni kikohozi kimoja. Halafu kuna jeshi zima la akina Eli: Elieneza, Elineema, Elifuraha, Eliamini, majina ambayo wamisionari na wazee wetu waliyaunda kwa upendo bila kufikiri kwamba siku moja yatapangwa kwa alfabeti. Mwingine alipoulizwa jina la tatu alitoa la babu, mdogo wake akatoa la ukoo, na ndugu wa tumbo moja wakatoka pale si ndugu tena. Kijijini hakuna aliyejali. Kule juu swali ni moja tu, wewe ni wa kwa nani, na jibu halihitaji tahajia.

Fomu ile ya mkono ikapigwa taipu kwenye kadi. Kadi, miaka mingi baadaye, ikaingizwa kwenye kompyuta na kijana aliyekuwa na kadi mia nyingine mezani. Huku kisanduku kinataka majina matatu, kule mawili. Jeshini mtu wa vyeo vya chini hutambuliwa kwa namba inayoanza na MT, afisa kwa P. Nida wana tarakimu 20 zinazoanza na mwaka wa kuzaliwa, maana yake tarehe ikikosewa hata namba yenyewe inadanganya. Benki ina namba yake. Kila mfumo ni sahihi nyumbani kwake. Ni kama wake wenza wanaoheshimika sana kila mmoja kwa majirani, ila wao kwa wao hawasalimiani, na mume ndiye anayebeba ujumbe kutoka chumba hadi chumba, kwa miguu.

Sifa nyingine ni uzima wa milele. Mwaka 2016 Serikali ilipoamua kuhakiki orodha zake za mishahara, ilikuta watumishi hewa zaidi ya 10,000: waliofariki, waliostaafu, walioacha kazi, na wengine ambao nadhani hawakupata hata usumbufu wa kuzaliwa. Mwaka uliofuata, Aprili, ikasomwa Dodoma hesabu ya wenye vyeti vya kughushi: 9,932. Hapo utaona maajabu. Asiyekuwepo kabisa, mfumo unamsoma vizuri na kumlipa tarehe ileile kila mwezi. Mjomba wangu, mwenye kovu la Kagera kwenye goti na kikohozi kinachosikika hadi barabarani, haumsomi.

Huenda hewa ndiyo hali inayofaa zaidi kwa faili. Hewa haibadilishi jina ikibatizwa.

Msidhani kwamba zamani mambo yalikuwa safi. Mei 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliteremka kando ya reli ya Tanga na mto Pangani, milima yetu ikiwa kushoto kwao, Wajerumani wakirudi nyuma mbele yao. Nyuma ya kila bunduki kulikuwa na msururu wa wapagazi. Waingereza peke yao, katika vita hivyo vyote, walitumia wapagazi wanaokadiriwa kufika karibu milioni moja. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na tazama, hata jina la kikosi halikusomana: Dar es Salaam likawa Kariakoo, Nairobi likawa Kariokor. Makumi ya maelfu walikufa kwa homa, kuhara na njaa, na wengi orodha ziliwapoteza kabla ya kaburi.

Mwaka 1927 ikasimamishwa Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam. Nendeni mkaikague. Imeandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na sijaona kumbukumbu ya jeshi iliyo safi kama ile. Hakuna L iliyogeuka R. Hakuna jina la kati lililokatwa. Haina makosa ya majina kwa sababu haina majina. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Kwa hiyo mjomba anaponilalamikia kwamba wameliharibu jina lake, humwambia ashukuru walau kulikuwa na karani aliyesumbuka kuliharibu. Hunijibu kwa Chasu, lugha yetu, na sitafsiri.

Wala si kweli kwamba daftari sahihi ni rafiki wa kila mtu. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka hapahapa Same wakapiga kambi kupinga kodi ya mbiru, iliyodai kila mwenye kaya akadiriwe mali yake kichwa kwa kichwa. Mwanahistoria Isaria Kimambo ameiandikia kitabu. Hawakugoma kulipa kodi, waligomea kukadiriwa. Wazee wale walijua kwamba karani akikujua vizuri mno ana jambo. Wajukuu zao tunapiga kambi mji uleule tukiomba tuandikwe sawasawa, na makarani sasa ndio waliogoma.

Tukirudi kwenye vita ile ya akina Smuts, kuna kisa kinachosimuliwa kuhusu askari Waafrika wa upande wa pili, wale waliopigania Wajerumani. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa wazee hao malimbikizo yao ya mishahara ya vita. Afisa wa benki akafika Mwanza na fedha, wakamjia wazee kama 350. Wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare vilivyoliwa na nondo, na wengine walileta miili yao tu. Yule mtu wa benki akapata akili ambayo mfumo wowote ungeiona ni kosa la kiufundi: alimpa kila mzee ufagio, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Miaka 46 ilikuwa imepita. Inasemekana hakukosea hata mmoja.

Nilimsimulia karani wa Same kisa hicho, kwa heshima zote. Akacheka. Kisha, labda kwa kuchoka, akamwuliza mjomba namba yake ya jeshi. Mzee akanyanyuka kwenye benchi, goti likalia, mikono ikashuka ubavuni, akaitaja MT na tarakimu zote pasipo kuvuta pumzi. Foleni ikanyamaza. Mlinzi wa mlangoni alisimama wima bila kujijua.

Karani akaigonga namba ile, akasubiri, akageuza kioo kidogo ili tuone. Majina manne, moja chini ya jingine.

"Sasa mzee," akasema kwa upole, "wewe hasa ni yupi kati ya hawa?"

"Yule anayelipwa," mjomba akajibu.

Akaambiwa arudi Jumatatu na barua ya mtendaji wa kijiji.